Posa Iliyokwama kwa Beki wa Kushoto

Ancilla alimwonya mumewe wiki nzima, na asubuhi ya siku yenyewe, alipokuwa anamfunga vifungo vya shati jeupe, akamwonya tena.

"Papa Ineza, nisikilize muzuri. Wageni bakifika, utazungumza mvua, utazungumza maharagi, utazungumza hata Baba Mtakatifu ukitaka. Mupira hapana."

"Na bakiniuliza?"

"Bakikuuliza, sema ekipe iko sawa. Maneno matatu. Kisha unyamaze."

Nicodème akaitikia kwa kichwa, mpole kama mtoto wa komunyo ya kwanza. Ancilla hakumwamini hata robo.

Sababu alikuwa nayo. Pale Juru, kwenye makazi ya wakimbizi kusini mwa Uganda, misa ya Jumapili ikiisha, wanaume hawatawanyiki. Husimama karibu na baiskeli zao wakimsubiri Nicodème aipime timu. Burundi yao haikufuzu Kombe la Afrika safari hii, na mtu hawezi kukaa bila timu wakati Afrika nzima inafunga mizigo kwenda Moroko. Kwa hiyo Nicodème aliichukua timu ya taifa ya Uganda, nchi iliyompa shamba la kulima, akaipenda kwa moyo wote na kuigombeza kwa mdomo wote. Hakuna mechi ya kirafiki iliyompita redioni. Kipa, alisema, anatoka langoni kama mtu aliyesahau sufuria motoni. Washambuliaji wanapiga kila mahali isipokuwa wavuni. Na beki wa kushoto, jamani, yule anapanda mbele halafu hakumbuki njia ya kurudi. Watu walicheka mpaka katekista Venuste akatoka kanisani kuwaomba wapunguze sauti, naye akabaki hapo hapo kusikiliza.

Yote hayo yasingemnyima Ancilla usingizi kama binti yake Ineza angependwa na mtu mwingine. Lakini aliyempenda ni Bob, dereva wa lori kutoka Mbarara anayekuja Juru kununua maharage. Msimu wa kwanza alinunua maharage kama wenzake. Msimu wa pili alianza kufika hata siku ambazo maharage bado yako shambani, mabichi, na kila mtu akaelewa. Naye Ineza alipoteza hamu ya kula, akawa anachota maji ambayo hakuna aliyemtuma. Sasa baba yake Bob ni Sajini Kezironi wa kambi ya jeshi, golikipa wa zamani wa timu ya kambi. Bob mwenyewe aliwaambia kwamba nyumbani kwao Kakiika, hapo hapo Mbarara, bendera haijashuka dirishani tangu timu ilipofuzu, na kwamba mzee wake alimfukuza fundi wa paa kwa ajili ya maneno ya mpira, paa likiwa limefika nusu.

Ancilla akapiga hesabu yake. Ikiwa fundi, mwenyeji kabisa, amefukuzwa kwa kuisema vibaya timu, je, mkimbizi atakayeitukana mbele ya mwanajeshi, siku ya kuja kuposa? Alimwona Ineza akibaki nyumbani na machozi yake, na moyo ukamwuma kwelikweli.

Wageni walifika kabla jua halijawa kali. Lori la Bob lilikuwa limeoshwa hadi magurudumu. Sajini alivaa suti, lakini alitembea kana kwamba ni gwaride. Mkewe Topista alishuka na tabasamu pana na vikapu viwili vya kahawa, akawakumbatia wanawake wote bila kuchagua. Nyuma yao alikuja Rwakabuba, msemaji wa upande wa mwanamume, mtu mrefu mwenye kofia na fimbo, midomo ikimchezacheza kwa sababu alikuwa bado anarudia hotuba yake kimoyomoyo. Upande wa msichana msemaji alikuwa Venuste. Ineza hakuwepo. Kwa desturi alikuwa amefichwa nyumba ya jirani, kwa shangazi yake Godeberthe, mpaka atakapoitwa.

Warundi hawamwulizi mgeni shida yake akiwa na koo kavu. Chungu cha urwarwa, pombe yao ya ndizi, kiliwekwa katikati ya mkeka na mirija yake mirefu, na mababa wawili wakakalishwa kwenye chungu kimoja, uso kwa uso. Ndivyo heshima inavyotaka, na Ancilla ndiye aliyewaweka. Hapo alifanya kosa, maana wanaume wawili wakishainamisha vichwa juu ya chungu kimoja, hakuna mke duniani anayeweza kuingia katikati.

Venuste akasimama. "Wageni betu, karibuni. Tunabaona mumevaa muzuri. Njia imebapotea, ama kuko kitu munatafuta?"

Huo ni mchezo, na kila mtu anaujua. Rwakabuba akakohoa, akashika fimbo. "Sisi iko natoka mbali, sebo, bwana. Sisi nasikia hapa kwa boma yenu iko ua moja..."

"Mzee," Sajini akasema kutoka chunguni, hata hakuinua kichwa. "Mimi nasikia wewe ndiyo napima timu huku. Kijana yangu naniambia. Sasa sema. Timu yetu iko namna gani?"

Rwakabuba akabaki na ua lake mdomoni. Ancilla, aliyekuwa ameshika sinia ya mishikaki, akakohoa kikohozi ambacho mumewe alikijua vizuri.

"Ekipe iko sawa," akasema Nicodème.

"Sawa namna gani?"

Hilo hawakulifanyia mazoezi. Nicodème akamchungulia mkewe. "Iko sawa... kabisa. Kipa anatulia. Defanse iko nguvu. Beki wa kushoto..." Akavuta mrija, akarudi. "Beki wa kushoto anarudi kwa wakati."

Uso wa Sajini ukafunga. Akauachia mrija, akajifuta midomo, akamgeukia mkewe. "Topista, wewe nasikia? Ati narudi kwa wakati." Kisha akamwambia Bob, kwa sauti aliyodhani ni ya chini: "Bob, fundi ile ya paa alisifu hii timu namna hii hii. Mimi nikajua, huyu hata misumari atanidanganya. Nikamfukuza."

Ancilla akamtazama Bob. Kumbe! Kumbe fundi alifukuzwa kwa kusifu! Na yeye, kwa akili yake mwenyewe, amemfundisha mume wake kusifu. Bob alikuwa anatazama viatu vyake. Sajini alikuwa analitafuta lori kwa macho. Sinia ikatua chini kwa kishindo, mishikaki miwili ikaruka.

"Nicodème! Beki wa kushoto anarudi? Anarudi fasi gani? Kila Jumapili unanipigia kelele ju ya uyo mutu, mpaka nimemujua kuliko binamu zangu! Akishapanda, hata mukimutumia pikipiki harudi!" Akageuka kwa Sajini, mikono kiunoni, halafu akakumbuka adabu na kuishusha. "Afande, munisamehe. Uyu mwanaume si muongo. Ni mimi nilimufundisha kudanganya, leo asubuhi, na amedanganya vibaya ju hajazoea."

Bob akainua macho. Kisha kitu kikaanza kutikisika ndani ya suti ya Sajini, kikapanda mabegani, kikamtoka mdomoni: kicheko kikubwa, cha mtu aliyezoea kupigia kelele mabeki kutoka golini. Topista alicheka mpaka akamwegemea Bob.

"Nyabo, mama!" Sajini akasema, akifuta macho. "Kumbe hii nyumba iko watu wa kweli! Mzee, kuja hapa. Sema yote."

Basi Nicodème akafunguliwa kama bomba. Chupa za soda zikapangwa mkekani kuwa mabeki. Vikombe vikawa viungo. Kofia ya Rwakabuba ikachukuliwa bila ruhusa ikawa lango. Sajini alisogeza chupa, Nicodème akairudisha. Mmoja alitaka viungo watatu, mwingine akaapa kwamba bila wawili wa kukaba watalia kabla ya mapumziko. Walikubaliana kuhusu kipa, wakagombana kuhusu winga, wakapatana tena walipomfikia beki wa kushoto, ambaye waliumia naye pamoja kama ndugu. Ancilla alipita na wali, akapita na maharage, na kila alipopita alimshukuru Mungu kwa kelele zile.

Lakini kila Rwakabuba aliposimama na kusema, "Sisi nasikia hapa iko ua moja," mtu alimwomba aketi kidogo, kuna mpira wa kona. Jua likavuka katikati. Chakula kikaisha.

Ancilla akaenda nyumba ya jirani. Ineza alikuwa ameketi wima ndani ya imvutano, vazi la maharusi, nguo imekunjwa vizuri begani, jasho likimtiririka, na shangazi Godeberthe akimpepea kwa kifuniko cha ndoo.

"Mama, bamefika wapi?"

"Kwa beki wa kushoto."

"Bado?"

"Amepanda tena."

Ineza akacheka, kisha kicheko kikamfia. "Mama, na kama papa hataki niende?"

"Ni mupira tu. Unamujua baba yako."

Ila njiani kurudi, hatua chache tu kati ya nyumba mbili, neno lile lilimganda. Akasimama kando ya ua wa miti, akamtazama mumewe kwa makini, kama alivyokuwa hajamtazama siku nyingi. Rwakabuba aliinua mguu mmoja ili asimame. Papo hapo Nicodème akashika kikombe kipya: kulikuwa na mchezaji wa akiba hawajamsema. Rwakabuba akashusha mguu, akaujaribu tena. Nicodème akamkumbuka daktari wa timu. Huko hakukuwa tena kupima timu. Mwanaume huyu alikuwa anapoteza muda, kama kipa anayeongoza bao moja, anayelala chini akishika goti ambalo hakuna aliyeligusa. Ancilla alitaka kumkasirikia, akashindwa. Alimwonea huruma.

Na hakuwa peke yake aliyeona.

"Mzee," Sajini akasema polepole. "Mimi nakaa golini miaka mingi. Mtu napoteza muda, mimi namjua. Wewe naogopa nini?"

Nicodème alikuwa bado ameshika chupa ya beki wa kushoto. Akaizungusha mikononi, macho chini.

"Afande, kijana wako ni muzuri. Sina neno naye. Mukiniuliza, nitajibu ndiyo. Na nikijibu ndiyo, ataenda." Akaigeuza chupa tena. "Tulipofika huku, mimi nilikuwa sisemi na mutu. Mama Ineza anajua. Siku mingi, sisemi hata neno. Nilikuwa nakaa na redio, basi. Uyu mutoto, mudogo vile, akawa anakuja kukaa pembeni yangu. Hapendi mupira, afande, hata leo haupendi. Lakini alikuwa ananiuliza: papa, uyo anacheza fasi gani? Papa, uyo mwingine iko namna gani? Anauliza tu, ili nifungue mudomo." Akajaribu kutabasamu. "Nikaufungua. Na munaona benyewe, haujafunga mpaka leo."

"Bambi, maskini," Topista akasema, na machozi yakamtoka bila kificho.

Ancilla alikumbuka ukimya ule. Miaka yote alidhani ni muda ulioutibu, au sala zake, au shamba. Hakujua ni msichana wa miaka tisa na maswali yake. Akajifuta macho kwa ncha ya kitenge.

Upande wa pili wa ua kulikuwa na purukushani, sauti ya Godeberthe ikisema "Hapana, hapana, haujaitwa!" na Ineza akatokea, bila kuitwa, na imvutano yake imeteleza begani. Hajatokea bibi harusi wa namna hiyo Juru. Akaenda moja kwa moja akapiga magoti mkekani, kati ya mabeki na viungo, akaweka mikono yake juu ya mikono ya baba yake.

"Papa," akasema. "Wageni banarudi Mbarara, na bado hawajaniomba. Na mimi nataka."

Nicodème alimtazama binti yake. Akaweka chupa chini taratibu, akamgeukia Rwakabuba.

"Sema sasa."

Maskini Rwakabuba! Hotuba aliyoibeba kutoka Kakiika, yenye ua, na asali, na ng'ombe mwenye pembe nyeupe, ilikuwa imemtoka yote kichwani. Alisimama bila kofia, akafungua mdomo, akaufunga, akaufungua.

"Sisi nataka huyu msichana," akasema.

Venuste akainuka haraka aanze kukataa, kwa sababu desturi inataka upande wa msichana ukatae kwanza, na yeye alikuwa ameandaa sababu nzuri nne. Nicodème akamvuta shati, akamkalisha.

"Ndiyo," akasema Nicodème. "Na mumupende sana."

Topista ndiye aliyeanza vigelegele, wanawake wa Juru wakavipokea, na majirani waliokuwa wanachungulia wakaingia bila kujifanya tena kwamba wanapita. Bob alimshika Ineza mkono, akauachia kwa aibu, akaushika tena. Sajini alimkumbatia Nicodème kwa nguvu kiasi kwamba shati jeupe lilipoteza kifungo, akamwapia kwamba kila mechi ya Moroko ataitazamia Kakiika, na kiti atakikuta. Watu walicheza ngoma mpaka vumbi likaingia kwenye wali uliobaki, na hakuna aliyejali.

Jioni lori liliondoka kuelekea Rwekubo, njia ya Mbarara, wakipunga mikono mpaka kona ikawameza. Harusi ingekuwa baada ya mavuno, lakini Ineza alikuwa tayari amebadilika, ameketi jikoni na wasichana wenzake, kicheko chake kikisikika nje. Nicodème alibaki mkekani peke yake, anakusanya chupa moja moja, haongei.

Ancilla aliacha vyombo. Alikuja akaketi pembeni yake, akakunja miguu, akaitazama ile chupa mkononi mwa mumewe kana kwamba ni mara ya kwanza kuona mpira katika maisha yake.

"Papa Ineza," akasema. "Na uyu wa golini, iko namna gani?"

Nicodème akamgeukia, akamwangalia muda mrefu. Kisha akasogea kidogo ili ampe nafasi, akaanza na kipa, na hakumruka mchezaji hata mmoja.