Utafiti wa Akwero

Mwalimu Obwona aliwaambia watoto wa darasa la nne wachunguze jambo moja la mtaani kwao, kisha waje walieleze mbele ya wazazi. Wengine walichunguza sisimizi. Mjukuu wangu Akwero alichunguza magari ya askari yanayochukua watu hapa Kawempe: namba zake, saa, na nani hakurudi. Nilipolisoma daftari lake nililitia motoni, nikachemshia chai.

Siku yenyewe, kapteni mmoja, mzazi mwenzetu, alikaa mstari wa mbele.

"Akwero, kazi yako iko wapi?" mwalimu akauliza.

"Bibi aliichoma. Lakini yote ninayo kichwani."

"Ehe, binti, tueleze," kapteni akasema.

"Jumatatu, saa tatu asubuhi, gari jeusi..."

Nikaanguka chini kama gunia la mihogo. Sijawahi kuzimia maishani, lakini siku hiyo nilizimia vizuri.

"Mshikeni mama huyu miguu," kapteni akaamuru. Wakanipakia kwenye gari lake, twende hospitali.

Nikafungua jicho moja. Akwero alikuwa getini na penseli, akitazama namba ya gari, kisha saa ya mwalimu.