Mshipi wa Kapteni Peverell

Jamani, sijui hata nianzie wapi! Picha ya Kapteni Ambrose Peverell ilipoletwa kwenye karakana yetu ya kusafisha picha za kale hapa Ludlow, Uingereza, nyeusi tii kwa masizi ya karibu miaka mia nne, bosi wetu Bi Hester akatugawia kazi. Tamsin akapewa uso. Mimi nikapewa mshipi, ule mwekundu wa hariri unaokatiza kifuani, alama ya wanajeshi wa mfalme kwenye vile vita vyetu vya sisi kwa sisi.

"Na wa uso ndiye atakayesimama na picha Ijumaa, mwenye picha akija," Bi Hester akasema.

Wivu ukanishika! Tulisoma chuo kimoja, darasa moja, na nilimpita maksi! Lakini uso apewe Tamsin, chai aletewe Tamsin.

Jumatano nikalowesha pamba ya kijiti kwa mate. Ndivyo tunavyosafisha, hakuna dawa inayoyashinda. Nikasugua polepole. Pamba ikatoka nyekundu.

"Bi Hester!" Tamsin akapayuka. "Bryony anamvua Kapteni nguo!"

"Nyamaza wewe, mdomo kama kengele!"

Lakini niliogopa kweli. Uchafu hutoka mweusi au kahawia. Ikitoka rangi, umeharibu picha na kazi huna.

Bi Hester akaja na kioo chake cha kukuzia, akainama.

"Huu wekundu umepakwa juu ya nyufa," akasema. "Juu ya masizi kabisa, yaani uliongezwa baadaye! Bryony mwanangu, chini yake kuna nini?"

Rangi ya chungwa. Chungwa, jamani! Rangi ya watu wa Bunge, waliopigana na mfalme! Na kina Peverell kila Krismasi wananyanyua bilauri mbele ya picha hiyo kumtakia mfalme afya njema!

"Ijumaa atasimama Bryony," Bi Hester akasema.

"Kwa mate tu?" Tamsin akanuna mpaka mdomo ukawa mrefu. Nikatembea kwa maringo siku mbili nzima.

Ijumaa Mzee Peverell akaja na kofia yake mkononi. Nikamweleza yote.

"Siamini," akasema. "Hebu nionyeshe, binti."

Nikatia kijiti mdomoni. Mkavu! Sijui furaha, sijui woga, ulimi ulikuwa kama msasa. Nikasugua, hola. Nikasugua tena, hola.

"Lete hapa," Tamsin akaninong'oneza. Akachukua kijiti kipya, akakilamba, akasugua yeye. Chungwa likachomoza chini ya mkono wake.

Mzee akatazama weee, kisha akaangua kicheko mpaka machozi.

"Kumbe babu alikuwa muasi!" Akamshika Tamsin mkono kwa mikono yake yote miwili. "Asante, binti. Asante sana! Njoo tukae, unisimulie ulivyoligundua."

"Bryony," Bi Hester akasema bila hata kugeuka, "wapatie chai."

Tamsin akanikonyeza. Nikaenda kuchemsha maji.