Kibati cha Baba Yake Vénérand

Katika Sydney nzima hakuna mwanamke anayejua namba za magari ya zamani kunishinda. Ni kweli kwamba mpaka Agosti 2021 gari nililolijua kwa namba lilikuwa moja tu, basi la kwenda Liverpool, mtaa wa hapahapa Sydney, na hilo nalo nilikuwa nalikosa. Lakini namba moja niliitafuta mwenyewe, nikaipata kwa vidole vyangu, na ikaniambia umri wa Papa Vénérand.

Papa Vénérand ni jirani yangu hapa Macquarie Fields. Yeye mgane, mimi mjane, na katikati yetu ua wa mbao. Lokdauni ilipotufungia tukawa tunaongea juu ya ua, kila mtu na barakoa yake na kikombe chake. Wiki ya tatu akaniomba nimuoe; alitaka kusema anioe yeye, ila kwa woga neno lilitoka hivyo. Nikamjibu kwamba sikatai, ila nina sharti. Marehemu wangu nilimuuguza miaka minane, nikimgeuza kitandani kama chapati. Mwanamume aliyepita sabini simtaki tena.

Akasema upesi kwamba yeye ana sitini na tano.

Karatasi zake zilisema alizaliwa tarehe moja mwezi wa kwanza 1948, yaani sabini na tatu. Hilo halikunitisha. Sisi wote tuliotoka kambi za wakimbizi tulizaliwa tarehe moja mwezi wa kwanza. Afisa anakuuliza ulizaliwa lini, unamjibu wakati wa kuvuna maharagwe, naye anaandika Januari mosi na mwaka wowote unaolingana na meno yako. Kanisani kwetu, tungetaka kuimbiana siku za kuzaliwa, mwaka mpya ungeishia Pasaka. Karatasi yangu mimi inasema sabini na moja, na ninaikana mbele ya watu. Basi nikamwambia karatasi si shahidi, alete shahidi mwingine.

Jumamosi akamleta. Alikuwa amemfunga katika leso, akampitisha juu ya ua kwenye koleo la bustani, kwa ajili ya ile mita moja na nusu ya kutokaribiana. Kibati cha bati jepesi, ukubwa wa kiberiti, kile kinachopigiliwa kiwandani ndani ya boneti, na namba ya gari juu yake.

Alinieleza kwamba baba yake, karani wa chai kule Bukavu, alinunua Pijo 403 mpya wiki ileile aliyozaliwa yeye. Gari lilipokufa, mzee alikibandua kibati akampa, akasema hiki ni cha pacha wako. Akakibeba ndani ya kiatu, vita mpaka vita, kambini miaka kumi na moja, hata Australia. Ndiyo maana mwezi wa sita alileta Pijo kama ile, imebebwa juu ya lori kutoka kwa wauza magari makuukuu wa Wetherill Park, akaipandisha juu ya matofali uani kwake na kuifunika turubai la bluu. Ni ya kumkumbuka baba. Akapangusa jicho. Na mimi nikapangusa, mimi ambaye huwa nalizwa na vitunguu tu.

Nikampigia Gitonga kwa video. Ni Mkenya anayetengeneza magari ya zamani na kuimba besi katika kwaya yetu. Akaisoma namba, akafungua kitabu chake, akasema gari hilo lilitengenezwa 1956, yaani miaka sitini na tano. Papa Vénérand akasimama wima kama mtu anayepimwa suti. Nami jibu lilikuwa limefika ulimini. Nilikuwa nimeshaanza kuchagua kitenge.

Lakini sipendi kuacha ukoko kwenye sufuria. Nikamuuliza Gitonga, na hili la chini ya turubai lina umri gani? Papa Vénérand akawahi kusema halina namba, kibati chake kilipotea kabla hajalinunua.

Gitonga akacheka. "Mzee, kibati ni kama kitambulisho, kinapotea. Gari la kitambo lina namba ingine imegongwa kwenye chuma. Hiyo ni kama alama ya kidole."

"Na magari mawili yanaweza kuwa na namba moja?" nikauliza.

"Haiwezekani, Mama Divine."

Nikazunguka kwa barabara mpaka uani kwake nikirusha mikono, maana sheria iliruhusu kutoka kwa mazoezi tu na helikopta ya polisi ilikuwa juu. Mfukoni nilikuwa na unga wa muhogo. Papa Vénérand alifungua boneti mwenyewe, tena kwa furaha. Maskini, habari ya alama ya kidole cha chuma alikuwa ameisikia leo tu, wala hakujua kwamba namba hiyo ingine huwa ni ileile ya kibati.

Gitonga aliniongoza kwa simu: upande wa kulia, juu, pale rangi ilipo nene. Nikapapasa kama ninayetafuta mawe kwenye mchele. Nikahisi mikwaruzo iliyojipanga. Nikasugua unga, nikafuta kwa kiganja, na tarakimu zikabaki nyeupe kama meno. Pembeni yake palikuwa na mraba safi usio na vumbi, ukubwa wa kiberiti, na matundu manne kwenye pembe.

Nikaweka kibati pale. Tundu kwa tundu, yote manne. Kisha nikasoma namba ya chuma, nikasoma ya kibati: ileile. Shule niliishia darasa la nne, lakini kufananisha tarakimu saba walitufundisha la pili.

Gitonga alikohoa, akasema anaitwa na mke wake. Hana mke.

"Papa Vénérand," nikasema, "kibati hiki kilikaa kambi gani kabla ya Wetherill Park?"

Akapandisha barakoa mpaka ikafunika macho.

"Ile karatasi ya kambini," akasema kutoka mle ndani, "mwaka haikukosea."

"Sabini na tatu."

"Sabini na tatu."

"Na tarehe moja mwezi wa kwanza?"

"Hiyo nayo ni kweli, Mama Divine. Mama alisema kengele za mwaka mpya zilikuwa zinalia."