Samaki wa Mbaruku

Mwaka ule wa karanga mti ulimwangukia mume wangu Mbaruku huko Nachingwea, walikokuwa wakifyeka pori kwa ajili ya mashamba ya karanga ya Wazungu. Hospitali walimfunga paja, wakamtunza, kisha wakamrudisha kwangu kijijini Narung'ombe amelazwa kwenye machela. Mfupa uliunga. Mwenyewe hakuunga. Aligeukia ukuta, na chakula akakikataa. Uji vijiko viwili, basi, anafumba mdomo kama mtoto aliyenuna.

Nilichoka. Nasema wazi, maana wanawake wa kwetu hatusemi. Shamba langu, maji yangu, mgonjwa wangu, na kumgeuzageuza mtu mzima asiote vidonda. Nilimbembeleza, nikamgombeza, nikalia mbele yake. Yeye na ukuta wake. Nilimwona anakwisha hivi hivi.

Kitu kimoja nilikumbuka alikipenda huko kazini. Msimamizi wao alifuga samaki ndani ya sanduku la kioo, na Mbaruku ndiye aliyewabadilishia maji. Alipokuja nyumbani alituhadithia, watu wakacheka hadi machozi: samaki haliwi, anatazamwa! Yeye hakujali. Alitueleza mchanga unavyooshwa, maji yanavyotulizwa, na chakula kidogo tu, chembe, maana kinachobaki huoza na kuua.

Basi nikaenda Ruangwa dukani kwa Mhindi, nikaomba mtungi wa kioo wa peremende uliopoteza mfuniko. Akanipa, nadhani ili niondoke. Nikausugua kwa majivu, nikausuuza hadi harufu ya peremende ikaisha. Mchanga nikauchota mto Mbwemkuru, nikauosha mpaka maji yakatoka safi. Nikapanda majani ya mtoni, mizizi nikaibana kwa vijiwe, nikamimina maji ya mto, nikayaacha yatulie. Kisha nikarudi tena, miguu inauma, kwenye vidimbwi vilivyobaki kiangazi, nikateka vifaranga vya perege kwa kaniki yangu kuukuu. Aliingia na kambare mdogo, nikamrudisha, huyo angewamaliza wenzake. Nikachukua perege wanne tu. Mtungi mdogo hautaki msongamano, ndivyo alivyosema mwenyewe.

Nikauweka juu ya kigoda, upande usio wa ukuta. Jioni niliporudi na kuni nikamkuta amegeuka.

"Yule mdogo anaonewa," akasema.

Nilijibanza mlangoni nikamshukuru Mungu. Kula bado alikataa, lakini niliyaona macho yake.

Kisha wakaja watu kumjulia hali, kama kawaida yao. Kwetu, chakula ulichompelekea mgonjwa hakirudi nyumbani kwako. Ukirudi nacho, umerudi na ugonjwa wake. Zamani Mbaruku akikataa waliniachia mimi. Sasa kila mmoja aliona afadhali kipokelewe mle chumbani, mbele ya mgonjwa. Huyu akamega ugali akatia mtungini, yule kunde, mwingine ufuta uliotwangwa. "Angalau hawa wapokee," walisema, kwa moyo mweupe kabisa. Nikiwakataza wananiitikia, nikigeuka wanatia.

Maji yakawa kama uji, yakanuka. Asubuhi perege mmoja alikuwa anaelea, tumbo juu. Nikabadilisha maji. Akafa wa pili. Mbaruku alinitazama nikimtoa, kisha taratibu akaanza kuugeukia ukuta.

Siku hiyo nilifanya jambo lisilofanywa. Nilisimama mlangoni kuzuia wanaokuja kumtazama mgonjwa. Akaja wifi yangu Zaina, dada yake mkubwa Mbaruku, na bakuli la kunde.

"Wifi, leo huingii."

"Unanifungia mlango wa ndugu yangu kwa ajili ya samaki?"

"Kwa ajili ya samaki."

"Haya! Huyu kashachanganyikiwa," akasema, akanisukuma. Nguvu za kumsukuma na mimi sikuwa nazo. Akamsogezea Mbaruku kunde, Mbaruku akafumba mdomo. Zaina akahema, akachota kwa vidole, mkono ukaelekea mtungini.

"Dada!"

Sauti ile ilimtoka kwa shida.

"Usiwape. Lete hapa."

Akala. Alikula huku anapaliwa, macho hayawatoki wale perege wawili, mpaka bakuli likaisha. "Na kesho mwenye chakula anipe mimi," akasema. "Mtaniulia samaki."

Zaina alilia kwa furaha. Mimi hasira zilinipanda. Kwa mdomo wangu huu, kwa machozi yangu, nilimwomba ale, akanigeuzia mgongo. Leo anakula kwa ajili ya visamaki visivyofika kidole changu! Nilitamani kuumwaga mtungi ule uani.

Nikaliokota bakuli.

"Nikuongeze?"

"Niongeze."

Nikaenda jikoni, nikakaa karibu na mafiga, nikalia mpaka nikatosheka. Kisha nikapakua.