Vidonge Ndani ya Mto wa Kiti

Kila Jumapili asubuhi, kabla hata birika halijawekwa jikoni, dada wawili wajane waliketi wima kwenye viti vya mbao kama wanaosubiri kupigwa picha. Mifupa yao ilikuwa imeanza kuwa myepesi. Kidonge kimoja kwa wiki, glasi nzima ya maji matupu, halafu nusu saa bila kula wala kujilaza, kidonge kisije kikawachoma koo. Nusu saa hiyo waliwasema majirani wote, hadi na paka wao.

Dada mkubwa ni fundi cherehani, na daktari alimweleza kwa lugha yake: "Ndani ya mfupa kuna anayefumua na anayeshona. Uzeeni mfumuaji anamzidi mwenzake. Dawa hii inaganda kwenye mfupa, inamshika mkono mfumuaji."

Basi mdogo mtu akateleza akianika nguo, mkono ukavunjika. Fundi kwa huruma akataka kumwongezea pamba kwenye mto wa kiti chake. Alipougeuza akaona mshono usio wake, hatua ndefu za kivivu. Akaufumua. Vidonge vikammwagikia mapajani.

"Mdogo wangu, mto wako umetaga."

Mdogo mtu akaikodolea macho plasta ya mkono wake. "Niliambiwa saluni vinaozesha taya."

"Daktari alisema ni nadra. Ndiyo maana alitukagua meno kwanza, na tukitaka kung'oa jino tuseme tunatumia dawa gani. Ulikuwepo, unaitikia kwa kichwa."

"Niliogopa, dada."

Kwa woga huo Fundi hakumgombeza. Yeye mwenyewe mjusi humpandisha juu ya meza. Kilichomkwama ni kingine.

"Kwa hiyo uliamini ni sumu. Na kila Jumapili unanijazia glasi."

Mdogo mtu akajibu polepole: "Nilikuwa nakuangalia wewe kwanza. Nione taya lako litakuwaje."

Daktari alimwanzishia dawa upya. Jumapili iliyofuata Fundi alimsimamia akameza, akamwambia ainue ulimi, akachungulia kama mkagua tiketi. Halafu akajijazia glasi yake mwenyewe bombani, akabeba kiti hadi chumba cha cherehani, akarudishia mlango.

"Dada," sauti ikaita kutoka sebuleni, "umeliona wigi jipya la jirani?"

Alikuwa ameliona, na alikuwa na mengi ya kusema. Akayameza pamoja na kidonge.