Kuruka Kaburi

Gloria alinipigia simu akasema nije Bunda, kuna sherehe ya usiku kwenye ule msitu wa mikaratusi nje ya mji, inaitwa Halowini, watu wanavaa kama wafu. Nikamuuliza wafu wamewakosea nini. Akacheka, akasema mama njoo tu, utachangamka kidogo, halafu unipe jibu la lile jambo.

Lile jambo nilikuwa nalijua. Kuna mtu anataka kununua mji wangu wa Kiriba, nyumba na shamba mpaka ziwani, ajenge nyumba ya wageni. Nicolaus, mume wa Gloria, alishapanga kila kitu. Nikiuza, watanijengea chumba cha peke yangu uani kwao Nyasura, hapo hapo Bunda, maana mama mkwe halali nyumba moja na mkwewe. Hayo hakuniambia kwa mdomo wake, aliyapitisha kwa Gloria kama inavyotakiwa. Na kaburi la marehemu mume wangu, Masatu, ambalo liko kati ya nyumba na mihogo, mnunuzi alikubali libaki pale pale, Gloria awe anakwenda kulisafisha.

Nilipopanda gari nilikuwa nimeshaamua kukubali. Tangu Masatu afariki nakulaga peke yangu. Napika ugali wa mtu mmoja na bado unabaki, kuku wanafaidi. Jioni nikimaliza rozari naisikia redio ya jirani, nakaa naisikiliza mpaka aizime. Mtu akikwambia njoo ukae na wajukuu, usikie hata wakigombania kijiko, hilo si neno la kukataa.

Basi tukaenda, sisi watatu, watoto tukawaacha kwa Naomi, jirani yao, ambaye pia ndiye angenilaza usiku ule. Nicolaus alitangulia mbele kabisa, kwa heshima.

Msitu wenyewe naufahamu, watu wanafungiaga harusi pale. Siku hiyo walikuwa wameugeuza. Mashuka meupe yalining'inia kwenye matawi, na upepo ukipita yanajaa kama yana mtu ndani. Maboga yalikuwa yametobolewa macho na meno, mshumaa umewekwa katikati. Mengine yalikuwa maboga mazuri kabisa, ya kupika na karanga, nikayasikitikia. Jenereta ilinguruma mahali fulani nyuma. Vijana walijipaka unga usoni, wakawa wanawarukia wasichana kutoka nyuma ya miti, na wasichana wanapiga kelele za kufurahi. Hakuna aliyenirukia mimi. Waliniona, wakashusha mikono, wakanisalimia, “Shikamoo mama,” wakanipisha nipite.

Nilishika rozari ndani ya mkoba. Ulikuwa mkesha wa Watakatifu Wote, na nilijua kesho kutwa yake ni siku ya kuwaombea marehemu. Sikuona kama ni dhambi, niliona tu kwamba wote pale wanacheka na mimi sijui cha kuchekea.

Katikati ya msitu walikuwa wamepanga makaburi. Vichuguu vya udongo vilivyopangwa mstari, kila kimoja na kibao cha mbao kichwani, bila jina. Mshereheshaji alikuwa na joho jeusi na kipaza sauti. Mchezo wake ulikuwa huu: unaruka makaburi yote bila kugusa udongo, unapewa soda. Ukigusa, anasema umeitwa, unalala chini na watu wanakuimbia.

Kwetu kaburi halirukwi. Hata mbuzi akipanda juu ya la Masatu namfukuza kwa fimbo, na mwenyewe nikienda kuchimba mihogo nazunguka, ingawa njia ya kukatiza ni fupi. Gloria amekulia katika mila hiyo.

Vijana waliruka, mmoja akaanguka, wakamwimbia. Ikafika zamu ya msichana mwenye kitenge cha kijani. Akafika kwenye kichuguu cha kwanza, akasimama. Akakitazama. Kisha akazunguka pembeni akaenda zake. Watu wakamzomea kwa utani.

“Huyo bado ana bibi yake kijijini!” mshereheshaji akasema. “Anaogopa kuchapwa!”

Wakacheka wote. Gloria pia alicheka, akaziba mdomo kwa mkono.

Halafu akaitwa yeye. Akavua viatu, akanipa nimshikie, akakunja gauni kwa mkono mmoja. Kabla hajaanza aligeuka akanitazama. Sikutikisa hata kichwa. Akaruka. Akaruka vizuri, mwepesi kama zamani akiwa msichana, cha kwanza, cha pili, mpaka mwisho, na watu wakampigia makofi. Akarudi anahema, akaniletea soda yake ninywe mimi.

Alimpenda baba yake, hilo lieleweke. Siku ya mazishi walimshika watu wawili asijitupe shimoni.

Tulikaa kwenye gogo pembeni, mahali ambapo taa hazifiki vizuri. Akaniambia mnunuzi atapiga simu asubuhi, anataka kujua.

“Nimwambie Nicolaus nini, mama?”

“Mwambie siuzi.”

Akauliza kama ni kwa sababu ya ule mchezo. Akasema ni udongo tu, wameuleta na toroli, mle ndani hamna mtu.

“Najua hamna mtu.”

“Sasa ni nini?”

“Ulinitazama kwanza,” nikamwambia. “Ulijua sitapenda, na bado ukaruka, mimi nimekaa hapa nakuona. Siku sipo pale Kiriba, nani atakuwa anakuona kwenye kaburi la baba yako?”

Mbali kidogo walikuwa wanamwimbia mtu mwingine aliyeangukia udongo. Gloria akafuta miguu yake kwa kiganja, polepole, akavaa viatu.

“Utakuwa peke yako kule, mama.”

“Nitakuwa.”

“Na unataka hivyo?”

“Sitaki.”

Nilimrudishia soda, ilikuwa imebaki nusu, akainywa.

Nicolaus alikuja akasimama mbali, akasema amepata bajaji. Hakujua bado. Alikaa mbele, akabanana na dereva, mimi na Gloria tukakaa nyuma. Barabara ilikuwa na mashimo, na kila bajaji ilipoyumba bega lake lilikuja kwenye bega langu likabaki kidogo. Nywele zake zilinukia mafuta ya nazi na moshi wa mishumaa. Muda mrefu sijakaa karibu na mtu namna hiyo. Nikatamani iwe safari ya mbali, hata mpaka Butiama, hata kama hatuongei. Lakini kutoka pale mpaka Nyasura ni karibu, na taa za Naomi zilikuwa zimeshaonekana.