Ghawya wa Bi Khole

Mtoto wa kaka yangu anaitwa Rawya, na mpaka mwezi uliopita mwenyewe alikuwa hawezi kulitamka jina hilo. Herufi ra ilimtoka kooni: Ghawya. Basi nyumba nzima pale Al Amerat ikamwita Ghawya, na hata paka angemwita hivyo lau angekuwa na la kusema.

Kazi yangu ni kuwafunza watoto matamshi, kwa hiyo jambo hili lilinitia aibu. Nikawaeleza kwamba hata watoto wanaozungumza Kiebrania, ambao ra yao ni hiyo hiyo ya kooni, huchukua muda kuipata, seuze huyu wetu, ambaye kwa Kiarabu na Kiswahili lazima autetemeshe ulimi.

"Ndo tuseme mjukuu wangu anasema Kiebrania na sie hatuna habari?" akauliza mama yangu, Bi Khole.

Nilicheka, lakini shule ilibakisha wiki tatu kufunguliwa, na siku ya kwanza kila mtoto husimama akataja jina lake. Niliogopa wenzake wasije wakamcheka. Nikapiga marufuku: atakayemwita Ghawya, siku hiyo hali halwa. Jioni mimi na mtoto tukawa tunafanya mazoezi ya ulimi mbele ya kioo.

Kaka yangu Thabit alikosa halwa mara moja, akashika adabu. Bi Khole alikosa siku tisa mfululizo.

"Nnasahau," alisema, huku akilamba kidole chenye halwa aliyoidokoa jikoni. Muongo mkubwa. Alikuwa akimwita makusudi, kisha wanakaa wawili pembeni wakichekeana, na mimi nazidi kununa.

Jumapili ya kufungua shule ikafika, maana huku kwetu wiki huanza Jumapili. Mchana mtoto alirudi, akavua viatu mlangoni, akasimama katikati ya sebule.

"Mimi Rawya binti Thabit!"

Ra ilitetemeka mpaka nikadhani haitasimama. Thabit akapiga makofi, mimi nikambeba nikamzungusha. Nilijiona hodari kwelikweli.

Bi Khole hakupiga makofi. "Njoo, Ghawya wangu," alimwita taratibu.

"Bibi, hilo jina la kitoto," akajibu, akenda zake jikoni kutafuta chakula.

Mama aliniangalia, macho yamemjaa machozi.

"Hongera, Nadra. Kazi umeifanya," akasema. "Haya, na yule wangu mimi mmempeleka wapi?"